Mkono wa mtu, si radi tu, huunguza kompyuta ya gari

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

ASUBUHI ya Julai katika Kata ya Mwazye, Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, baridi ya nyanda za juu za Ufipa huwafanya watu wachelewe kutoka nje, na magari nayo huwa mazito kuwaka. Ni msimu ambao mahindi yaliyovunwa yanatakiwa kufika sokoni, abiria wanataka kuwahi Sumbawanga mjini, na mgonjwa aliyezidiwa usiku anasubiri usafiri wa kwenda hospitali. Gari lenye betri iliyochoka likigoma asubuhi kama hiyo, kila mtu huja na ushauri wake.

Tuseme gari hilo ni Noah au Probox, na gari pekee lililo karibu ni lori aina ya Fuso lililokuja kupakia magunia. Nyaya za kubusti zinatafutwa na kuunganishwa kwa haraka. Cheche inaruka, harufu ya plastiki iliyoungua inasikika, na taa zote za dashibodi zinazimika. Gari ambalo dakika tano zilizopita lilikuwa na tatizo la betri tu, sasa lina tatizo la kompyuta.

Kilichotokea hakina uchawi ndani yake. Noah na Probox hutumia umeme wa volti 12, ilhali lori la Fuso hutumia volti 24, kutokana na betri mbili zilizoungwa kwa kufuatana. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya volti 12 vimepewa maradufu ya kiasi vinachokihitaji.

Mwazye, iliyo kusini mwa mji wa Sumbawanga, inafahamika kitaifa kama mahali alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Kwa mwenye gari wa vijijini kama huko, safari ya kumfikia fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari huwa ndefu na ya gharama. Ndiyo maana suala la kukinga mifumo ya umeme ya gari lina uzito zaidi kwake kuliko kwa mkazi wa jiji. Makala haya yanaeleza uharibifu huo hutokea vipi na namna ya kuuepuka.

Gari la jana na gari la leo

Umeme haukuingia katika gari kwa siku moja. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering, na hivyo kuwaondolea madereva kazi ya kuzungusha injini kwa mkono. Mwaka 1960 Chrysler ilianza kuweka altaneta katika gari lake la Valiant badala ya dainamo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta D-Jetronic, mfumo wa kupulizia petroli unaoongozwa kwa elektroniki, ambao ulitumika kwanza katika magari ya Volkswagen.

Land Rover za zamani za dizeli, zilizotumiwa kwa miongo mingi katika vijiji vya Tanzania, hazikuhitaji umeme mwingi. Zilipokwisha kuwaka, injini iliweza kuendelea kufanya kazi hata betri ikiwa dhaifu. Fundi aliweza kuchomoa waya, kugusisha hapa na pale, kuona cheche na kuendelea na kazi. Ujuzi huo ulirithishwa kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na kwa magari yale haukuwa na madhara makubwa.

Magari mengi yanayoingia nchini leo, hususan yaliyotumika Japani, ni ya namna nyingine. Kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye injini, wakati wa kuwasha cheche za plagi, ubadilishaji wa gia, breki za kuzuia magurudumu kujifunga na mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, vyote huongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Ndani ya boksi hilo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa volti 5 tu au pungufu. Sensa nyingi za injini nazo hutumia volti 5. Cheche ambayo kwa Land Rover ilikuwa dalili ya uzima, kwa gari la leo inaweza kuwa mwanzo wa hasara.

Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya Marekani kupitia mpango wa MCC uliotiwa saini mwaka 2008, imerahisisha magari ya aina hiyo kufika Ufipa. Gari la kisasa likifika kijijini huhitaji kushikwa kwa namna ya kisasa.

Umeme wa gari hukaaje?

Betri nzima ya volti 12 ikiwa imetulia, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha volti 12.0, imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, altaneta huzalisha umeme wa kuchaji na kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kwa magari ya volti 24, kiwango cha kuchaji huwa karibu volti 28.

Betri haikuwekwa kwa ajili ya kuwasha gari pekee. Injini inapofanya kazi, betri pia hupokea na kutuliza mishtuko ya umeme inayotoka kwenye altaneta na kwenye vifaa vinavyowashwa na kuzimwa. Ni sawa na bwawa linalopokea mafuriko ya mto kabla hayajafika mashambani. Ukiliondoa bwawa wakati mto umefurika, mashamba hupokea maji yote.

Katika baridi, uwezo wa betri kutoa umeme hupungua, na wakati huohuo oili ya injini huwa nzito na stata huhitaji nguvu zaidi. Ndiyo maana betri iliyofanya kazi vizuri Machi inaweza kugoma Julai, na ndiyo maana msimu wa baridi ni msimu wa kubusti na wa kuunguza.

Makosa saba yanayounguza vifaa

Kosa la kwanza ni kubusti gari la volti 12 kwa lori la volti 24. Kabla ya kuunganisha waya wowote, soma maandishi kwenye betri na hesabu betri zilizopo. Lori lenye betri mbili mara nyingi ni la volti 24. Asiye na hakika asiunganishe.

Kosa la pili ni kugeuza chanya na hasi. Betri ikifungwa kinyume, dayodi zilizo ndani ya altaneta, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, hufunguka na kupitisha mkondo mkubwa usiozuiliwa. Mwenye bahati huunguza fyuzi kuu peke yake. Asiye na bahati hupoteza altaneta, redio na kompyuta. Rangi ya waya si ushahidi wa kutosha, kwa sababu waya uliobadilishwa unaweza kuwa wa rangi yoyote. Tazama alama za + na - zilizochongwa kwenye betri yenyewe.

Kosa la tatu ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Wapo mafundi wanaofanya hivyo ili kujua kama altaneta inachaji: injini isipozima, wanasema altaneta ni nzima. Kipimo hicho kilifaa enzi za dainamo. Betri ikiondolewa ghafla wakati altaneta inachaji kwa nguvu, umeme hupanda kwa muda mfupi mno. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumiwa kupima vifaa vya magari, huchukulia kuwa mpando huo, usipodhibitiwa, unaweza kufikia kati ya volti 79 na 101 katika gari la volti 12, na kati ya volti 151 na 202 katika gari la volti 24. Hudumu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini muda huo unatosha kuua kompyuta. Altaneta nyingi za kisasa zina dayodi za kupunguza mpando huo, ila si busara kuzijaribu makusudi.

Hatari hiyohiyo hujificha katika kishikio cha betri kilicholegea au kilichoota ukungu. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, kishikio kilicholegea hukata na kuunga mara nyingi kwa saa, na kila mara ni kama mtu amechomoa betri.

Kosa la nne ni kuchomelea bodi, fremu au bampa bila kuondoa betri. Mashine ya kuchomelea hupitisha mkondo mkubwa, na mkondo huo hutafuta njia yoyote ya kurudi, zikiwamo nyaya za kompyuta. Ondoa nyaya zote mbili za betri, ukianza na hasi. Chomoa soketi ya kompyuta ikiwa inafikika. Kisha bana waya wa kurudishia mkondo karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kwenye chuma kilichosafishwa rangi na kutu. Kuzima swichi ya gari peke yake hakutoshi.

Kosa la tano ni kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili waya na kifaa visiungue. Fyuzi za kisu, zilizomo katika magari mengi, zina rangi zinazotambulika: ya ampea 10 ni nyekundu, ya 15 ni bluu, ya 20 ni njano na ya 30 ni kijani. Ikiungua, weka nyingine ya kipimo kilekile. Ikiungua tena, ipo hitilafu inayotakiwa kutafutwa, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuihamisha hitilafu hiyo kwenye waya. Kanuni hii inahusu pia taa za ziada, redio yenye spika kubwa na vifaa vya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani: kila kimoja kiwe na waya wake na fyuzi yake karibu na betri.

Kosa la sita ni kuchaji betri ovyo. Vijijini ni kawaida betri ya gari kupelekwa nyumbani kuwasha taa na kuchaji simu, kisha kurudishwa garini. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kunyonywa usiku kucha, hivyo huchoka mapema. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, hutoa volti kati ya 18 na 22. Kuiunga moja kwa moja kwenye betri iliyo ndani ya gari, bila kidhibiti cha kuchaji, ni hatari kwa betri na kwa vifaa. Chaja ya umeme wa gridi au jenereta nayo itumike betri ikiwa imechomolewa nyaya zake, mahali penye hewa, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche.

Kosa la saba ni kusahau maji na panya. Kuosha injini kwa maji ya nguvu huingiza unyevu kwenye soketi za nyaya, na unyevu huota kutu ambayo huupotosha ujumbe wa sensa. Panya nao hawachagui. Gari linalolala kando ya ghala la mahindi ni kiota chenye joto, na waya uliotafunwa ganda hugusana na bodi au na waya mwingine. Fungua boneti mara kwa mara, ondoa takataka, na usimwage nafaka ndani ya gari.

Na radi je?

Mkoa wa Rukwa ni mkoa wa mvua za radi, na masimulizi kuhusu radi ni mengi. Ukanda wa Afrika ya Kati na Mashariki ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi duniani. Uchambuzi wa picha za satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa wastani wa miale 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka.

Watu wengi huamini kwamba matairi ya mpira ndiyo yanayomkinga aliye ndani ya gari. Sivyo. Kinachomkinga ni bodi ya chuma iliyofungwa pande zote, ambayo hupitisha umeme wa radi kwa nje hadi ardhini. Kwa hiyo gari lenye paa la chuma ni mahali pa usalama kuliko chini ya mti au juu ya pikipiki, mradi vioo vimefungwa na abiria hawagusi chuma.

Gari lenyewe linaweza kuumia. Radi ikilipiga au ikipiga karibu, umeme huweza kuingia kwenye nyaya na kuharibu kompyuta, na hakuna kifaa cha bei nafuu kinachotoa kinga kamili. Linalowezekana ni kutoegesha gari chini ya mti mrefu au mnara, na kuchomoa chaja yoyote iliyounganishwa kwenye umeme wa nyumba mawingu yanapokusanyika. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetumia umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala, na laini ndefu kama hiyo hukabiliwa na radi njiani. Mshtuko wake huweza kufika hadi kwenye chaja iliyo gereji.

Radi, hata hivyo, huja kwa msimu. Mkono wa mtu upo mwaka mzima.

Namna salama ya kubusti

Hakikisha magari yote mawili ni ya volti sawa, hayagusani, na yamezimwa pamoja na taa na redio. Betri iliyopasuka au iliyoganda isibustiwe.

Unga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Unga waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ya waya mweusi usiiweke kwenye betri iliyoisha. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi.

Washa gari zima na uliache likiunguruma taratibu kwa dakika tano hivi. Dakika hizo tano ndizo zinazorukwa na wenye haraka, ilhali ndizo zinazoipa betri iliyoisha uhai kidogo na kupunguza mshtuko. Kisha washa gari lililogoma. Likiwaka, washa taa zake za mbele na feni ya ndani ili zinyonye mpando wa umeme, halafu ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume, ukianza na ile ya mwisho kuungwa.

Unapoondoa betri kabisa, zima swichi, toa ufunguo na subiri dakika chache. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Unaporudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni rahisi: hasi imeungwa na bodi nzima. Ukiiacha ikiwa imefungwa, spana yako ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, umeme wote wa betri hupita kwenye spana.

Likishaungua

Gari likizimika baada ya kubusti vibaya, usikimbilie kununua kontroli boksi. Anza na fyuzi kuu iliyo karibu na betri, kisha fyuzi nyingine, kisha rilei, kisha altaneta. Mara nyingine fyuzi kuu huwa imejitoa mhanga na kuokoa vilivyobaki. Elewa pia kwamba kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine inaweza kukataa kufanya kazi hata ikiwa nzima, kwa kuwa magari mengi hutambua ufunguo wake pekee na huhitaji kupangiliwa upya na fundi mwenye kifaa.

Multimita ndogo, kifaa cha kupimia volti, ni silaha ya kwanza ya mwenye gari. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha, pima tena injini ikiwaka. Kipimo kikizidi volti 15 kwa gari la volti 12, kidhibiti cha altaneta kina hitilafu, na gari lisiendelee na safari ndefu kabla ya kurekebishwa. Kikibaki chini ya volti 13, altaneta haichaji ipasavyo. Kwa kijana anayetaka kazi hii, ufundi umeme wa magari hufundishwa na VETA, na maeneo ya vijijini yana uhaba wa mafundi wa aina hiyo.

Tukirudi kwa lile gari la Mwazye, palikuwa na njia nyingine. Dereva angeweza kulisubiri gari dogo la volti 12, au kuifungua betri na kuipeleka kuchajiwa. Safari ingechelewa kwa saa kadhaa. Gari lililounguzwa kompyuta huchelewa kwa wiki, huku magunia yakisubiri na mgonjwa akitafutiwa usafiri mwingine. Haraka haraka haina baraka, na kwenye betri ya gari, usemi huo una gharama inayohesabika kwa shilingi.